Chema Hakijiuzi Kama Hakina Jina: Maneno ya Picha na ya Nyumba Yetu ya Wageni

Mada iliyotolewa na mjumbe wa kamati ya fedha katika mkutano mkuu wa mwaka wa wana-Pangani waishio Dar es Salaam



Mwenyekiti aliponiomba nizungumze leo, wengi mlitegemea nisome mapato na matumizi kama kawaida. Nitayagusa, lakini kwa ufupi. Nimeomba ruhusa nizungumzie maneno, kwa sababu nimepekua vitabu vyetu vya hesabu na nimeona kwamba tunapoteza fedha kwa kukosa maneno.

Wazee wetu walituachia methali: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sokoni ni kweli. Changu aliyevuliwa alfajiri hahitaji tangazo, mnunuzi anamwona jicho na shavu, anatoa fedha. Lakini kwenye intaneti mnunuzi hapiti mbele ya meza yako. Anaandika maneno mawili matatu kwenye simu yake, kisha anaangalia kile kilicholetwa na hayo maneno. Kama kitu chako hakikuitwa kwa maneno hayo, kwake hakipo, hata kiwe chema namna gani.

Sasa tuiangalie nyumba yetu ya wageni pale Pangani mjini, ile tuliyoijenga kwa michango yenu. Ina vyumba 4. Mwaka una siku 365, kwa hiyo tuna usiku 1,460 wa kuuza. Mwaka jana tuliuza 212. Kwa Sh 45,000 kwa usiku, tulipata Sh 9,540,000. Gharama zisizobadilika, yaani mshahara wa mtunzaji, ulinzi, maji, umeme na ukarabati, ni Sh 6,580,000. Kila mgeni anayelala anatugharimu kama Sh 10,000 za chai, sabuni na kufua mashuka. Hizo ni Sh 2,120,000. Kilichobaki ni Sh 840,000.

Mfuko wetu wa elimu humpa mwanafunzi mmoja Sh 300,000 kwa mwaka kwa ajili ya hosteli, sare na madaftari. Kwa hiyo nyumba yetu, pamoja na jasho lote lile, ilisomesha wanafunzi 2, na chenji ikabaki.

Tukifikisha usiku 500, ambao bado ni karibu theluthi moja tu ya uwezo wetu, hesabu inabadilika. Hata nikikadiria kwamba wageni wote wa ziada watakuja kupitia tovuti za malazi na tutakatwa kamisheni ya asilimia 15, kitakachobaki ni Sh 8,976,000. Hao ni wanafunzi 29. Tofauti kati ya 2 na 29 haihitaji ghorofa jipya wala bwawa la kuogelea. Inahitaji watu watuone.

Nikajiuliza, kwa nini hawatuoni? Nikakaa usiku mmoja nyumbani na simu yangu, nikajifanya mgeni. Nitawaeleza nilichokuta, maana makosa mengi ni yangu mwenyewe. Mimi ndiye niliyeziweka picha zile kwenye tovuti.

Kosa la kwanza lilikuwa jina la mahali. Niliandika "Pangani" peke yake. Nikaletewa Nairobi. Ndugu zangu, kuna mtaa mkubwa unaoitwa Pangani katika jiji la Nairobi, una shule, una maduka, na una watu wengi wanaouandikia kila siku. Nikaletewa pia taarifa za mto wetu na mitambo yake ya umeme. Sisi tulikuwa tumeandika kwenye tangazo letu "Karibu Pangani", tukadhani dunia nzima inaijua Pangani moja. Dawa ni rahisi: kila mahali tuandike Pangani, Tanga, Tanzania. Maneno matatu, na mgeni wa Nairobi anaachwa aende zake kwa amani.

Jina la Maziwe nalo lina mtihani wake. Simu nyingi ukiandika Maziwe zinakusahihisha kwa nguvu, zinaandika maziwa. Nilipopitia maelezo yetu nikakuta tumewaalika wageni "safari ya boti kwenda kisiwa cha maziwa". Nikacheka peke yangu, kisha nikaona aibu. Neno likibadilika herufi moja, anayetafuta kisiwa hatufikii, na anayetufikia anatafuta kitu kingine. Saadani nayo tuiandike kwa a mbili, kama inavyoandikwa jina rasmi la hifadhi.

Kosa la pili lilikuwa majina ya picha. Simu inapopiga picha inaipa jina lake, herufi na tarakimu. Mimi nilizipakia hivyo hivyo. Picha nzuri kabisa ya kivuko kikitoka Bweni jua likizama, jina lake tarakimu nne. Siku hizi kompyuta zimejifunza kutambua kwamba hii ni boti na haya ni maji. Lakini hazijui kwamba maji yale ni mto Pangani na kwamba ng'ambo ile ni Bweni. Hilo lazima tuliseme sisi. Kabla ya kupakia picha, ipe jina linaloeleweka, maneno yakitenganishwa kwa vistari, kwa mfano: pangani-tanzania-kivuko-bweni-machweo. Na kwa ajili ya wageni wa nje tunaandika kwa lugha yao.

Kisha kuna maelezo ya picha ambayo hayaonekani kwa anayetazama, lakini yamo ndani ya ukurasa. Asili yake ni msaada kwa wasioona: programu ya simu huwasomea kwa sauti picha inaonyesha nini. Mitambo ya utafutaji nayo huyasoma. Watu wengi hujaza hapo msururu wa maneno. Mimi nina kanuni moja ambayo haijanidanganya. Fikiria unaongea kwa simu na rafiki asiyeona, naye anakuuliza, "Hiyo picha ina nini?" Hutamwambia "ufukwe, Afrika, hoteli, nafuu, nzuri". Utamwambia, "Ni baraza ya nyumba ya zamani Pangani mjini, kuna kitanda cha kamba, na mbele yake unaona mto na madau yamefungwa." Andika sentensi hiyo hiyo. Ndani yake maneno yote ya kutafutia yamo, na yamekaa mahali pake.

Kosa la tatu ndilo lililotugharimu fedha na heshima. Tuliiita nyumba yetu "beach house". Nilishauriwa hivyo na mtu aliyesema neno hilo ndilo linalouza. Ni kweli linatafutwa sana. Lakini fikirieni nani mwingine analitumia. Zanzibar yote, Diani yote, Mombasa na Malindi. Katika foleni hiyo sisi wenye vyumba 4 tutakuwa wa elfu na kitu. Na kubwa zaidi, si kweli. Nyumba yetu iko mjini, upande wa mto, na bahari ya kuogelea ni mwendo wa miguu.

Mwezi wa Agosti ilikuja familia moja kutoka Arusha, baba, mama na watoto watatu. Walitegemea kufungua mlango na kukanyaga mchanga. Shangazi yetu anayeitunza nyumba akanipigia simu, akaniambia, "Mwanangu, hawa watu wamekaa juu ya mabegi yao hawataki kufungua. Wanasema mmewadanganya." Sikuwa na la kujitetea. Tuliwarudishia fedha zao zote na shangazi akawapikia chakula cha usiku bila malipo. Lakini yule baba alikwisha andika maoni yake, na maoni hayo yanasomwa mpaka leo. Katika uhasibu tuna msemo wetu: deni lisiloandikwa bado ni deni. Neno la uongo kwenye tangazo ni deni, na mgeni ndiye anayekuja kulidai mlangoni.

Basi tukae tujiulize: sisi ni nani kweli? Nyumba yetu iko katika mji wa kale wa pwani. Kutoka barazani unaona kivuko cha Bweni kikienda na kurudi. Dakika chache kwa miguu kuna Boma la zamani. Mji huu ndio aliponyongwa Abushiri bin Salim mwezi Desemba 1889 baada ya kuwapinga Wajerumani, na kuna Wajerumani wengi wanaopenda kuisoma historia hiyo. Kutoka hapa unapanda boti kwenda Maziwe, kisiwa cha mchanga ambacho maji yakijaa kinafunikwa na yakipwa kinaibuka. Wazee walio hapa wanakumbuka kilipokuwa na miti. Kasa bado wanapanda kutaga, na mayai yao huhamishiwa ufukweni Ushongo yasizame. Kusini kwetu kuna Saadani, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, ambako mbuga inakutana na bahari. Ni wangapi katika hao wa Diani wanaoweza kusema haya?

Hapo ndipo penye siri ya maneno haya, na ni siri ambayo mfanyabiashara mdogo yeyote anaielewa. Neno pana lina watafutaji wengi na washindani wengi. Neno jembamba lina watafutaji wachache, lakini mtafutaji wake anajua anachotaka na yuko tayari kulipa. Anayeandika "beach Africa" anaota tu. Anayeandika "boat trip Maziwe from Pangani" ameshafunga begi. Sisi wenye vyumba 4 hatuhitaji watu milioni. Tunahitaji usiku 288 zaidi.

Swali linalofuata ni hili: tutajuaje watu wanaandika nini? Sihitaji kuwachangisha kwa hilo. Njia ya kwanza, anza kuandika neno kwenye Google kisha usimalize; angalia linakumalizia vipi. Yale ni maneno ambayo wengine wamekwisha kuyaandika. Njia ya pili ni Google Trends, ambayo ni ya bure, unalinganisha maneno mawili uone lipi linatafutwa zaidi, katika nchi gani na miezi gani. Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote, nayo ni daftari la wageni. Tumeongeza safu moja pale penye jina na sahihi: "Uliandika maneno gani mpaka ukatupata?" Kalamu na daftari, basi.

Daftari limetufundisha kwamba tuna wageni wa aina tatu. Kuna familia za Kitanzania kutoka Dar, Tanga, Moshi na Arusha. Hawa hawaandiki "gesti". Nyote mnajua neno hilo limepata sifa gani huku mjini, na baba mwenye watoto halitafuti. Wanaandika "lodge Pangani" au "sehemu ya kulala na familia Pangani". Kuna wageni wa nje waliomaliza safari za kaskazini na wanataka bahari tulivu. Hao huandika Tanzania kwanza, mahali baadaye. Na kuna watafiti na wafanyakazi wa miradi wanaokaa wiki tatu, mwezi. Hao wanauliza mambo matatu: intaneti, meza ya kuandikia, na jiko. Mgeni mmoja wa mwezi ni usiku 30 bila kufua mashuka kila siku. Na sisi hatukuwa tumeandika popote kwamba tuna jiko.

Hilo linanipeleka kwenye tovuti za malazi zenyewe. Watu wengi hawaandiki maneno mengi kule. Wanaweka mahali, tarehe na idadi ya watu, kisha wanaweka alama kwenye visanduku: maegesho, intaneti, jiko, feni, chandarua, chumba cha familia. Usipoweka alama kwenye kisanduku, yeye akikichagua wewe unafutika palepale. Sisi tuna ua unaoingiza magari matatu, na hatukuweka alama ya maegesho. Kwa hiyo kila mwenye gari lake aliyetafuta maegesho hakutuona. Na alama yetu kwenye ramani niliikuta imewekwa ng'ambo ya mto. Kwa mujibu wa ramani ile, wageni wetu walitakiwa kupanda kivuko kwenda kulala Bweni. Tumeisahihisha. Haikutugharimu hata shilingi.

Naomba niwatahadharishe jambo moja kama mtu wa fedha. Amekuja kijana mmoja akitaka tumlipe ili aweke maneno 200 yaliyofichwa kwenye tovuti yetu, eti tutatokea wa kwanza. Google wenyewe walitangaza mwaka 2009 kwamba orodha ile iliyofichwa ya maneno muhimu hawaitumii kupanga matokeo. Na kurudia neno moja mara ishirini kwenye ukurasa ni jambo wanalolikataza. Anayetuuzia hayo anatuuzia hewa. Fedha hizo zikanunue magodoro.

Sasa nifike kwenye jambo lililozua mjadala ndani ya kamati, na ambalo nataka mkutano huu ulitolee uamuzi.

Vijana wetu wawili nyumbani wanapiga picha nzuri, na wameanza kuziuza kwenye tovuti za kimataifa za picha. Nawapongeza. Kule maneno ndiyo biashara yenyewe, kwa sababu mnunuzi hakujui, anatafuta kwa neno. Shutterstock wanataka maneno yasiyopungua 7 na yasiyozidi 50 kwa picha moja. Adobe Stock mwisho ni 49, na mpangilio una maana: maneno 10 ya mwanzo ndiyo yenye uzito. Kwa hiyo kijana asianze na "Afrika" na "bahari". Aanze na kilichomo: pweza, mvuvi mwanamke, maji kupwa, Pangani, kisha ndipo aende kwenye mapana.

Mmoja wao alipiga picha ya bibi mmoja akirudi kutoka kwenye miamba wakati wa bamvua, ameshika pweza kwa mkono mmoja na mkuki kwa mkono mwingine, anacheka. Picha inapendeza. Nilipoangalia maneno yake, la tatu lilikuwa "poverty", umaskini. Nikamwuliza kwa nini. Akanijibu kwa unyofu kabisa, "Mjomba, hilo neno linatafutwa."

Sikumgombeza. Aliniambia kitu cha kweli kuhusu soko. Lakini bibi yule siku ile alikuwa na pweza wa kilo kadhaa, anajua miamba yote kwa majina, na amesomesha watoto kwa mkuki ule. Neno lile likishaandikwa linasafiri ndani ya picha yenyewe. Linaingia kwenye faili, linanunuliwa pamoja nayo, na kesho unamkuta bibi kwenye bango la nchi asiyoijua akitumika kuombea fedha ambazo hatazigusa. Na ikumbukwe kwamba mtu anayetambulika sura, picha yake haiuzwi kwa matangazo bila idhini yake ya maandishi. Bibi hakuwa ameulizwa.

Kamati tuligawanyika. Wapo waliosema, acha kijana ale, soko ndilo linaloamua. Mimi nilisema, na nasema mbele yenu, kwamba wapo wanaotafuta "octopus fishing woman Tanzania" pia. Ni wachache, lakini wanalipa, na wakija Pangani watamkuta bibi ni yule yule waliyemwona. Kijana alikwenda kwa bibi na fomu, akamsomea, akamweleza itauzwaje. Bibi alikubali picha. Alipoelezwa maneno, alitaka liongezwe moja, jina la kijiji chake. Limeongezwa, na lile la tatu limefutwa.

Ndugu zangu, napendekeza mambo matatu mkutano uyapitishe.

Kwanza, picha yoyote itakayotumiwa na umoja wetu, iwe kwenye tovuti au kwenye kijitabu hiki, iandikwe jina la mahali, mwaka na kilichomo, na mtu aliyemo awe amekubali. Pili, tusitumie neno lolote kuhusu nyumba yetu ambalo shangazi hawezi kulisimamia mlangoni mgeni anaposhuka na mabegi. Tatu, wazee mliopo hapa mtupatie maneno yenu na picha zenu za zamani. Sisi wa mjini tumeanza kusahau majina ya mitaa, ya vyombo, ya pepo na ya maji. Neno ambalo linajulikana Pangani peke yake ndilo ambalo hakuna wa kushindana nalo.

Na kwa kuwa leo ni siku ya harambee, nisiondoke bila kuomba. Nyumba inahitaji intaneti ya kudumu, meza mbili za kuandikia na vyandarua vipya. Visanduku hivyo vitatu tukiviweka alama kwa haki, tunawapata wale wageni wa mwezi. Bahasha ziko mezani kwa mweka hazina, na kila atakayetoa atapewa stakabadhi. Mimi mwenyewe nitahakikisha.

Mwaka ujao, Mungu akitujalia uzima, nitasimama hapa tena na daftari la wageni mkononi. Nitawasomea usiku tuliouza, na nitawasomea ile safu ya mwisho, maneno waliyoyaandika mpaka wakatupata. Kisha nitawasomea idadi ya wanafunzi.